Nani Analala Juu ya Ghala

4 Februari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba, na kwamba goti lako limeacha kutangaza mvua kabla ya redio. Mimi sijambo, ila baridi. Baridi ya huku haina adabu, mjomba. Inaingia bila hodi mpaka ndani ya soksi. Chumba changu ni kile kile, dirisha moja linalotazama ukuta wa karakana, na jiko la kushirikiana ambamo kila mtu ameandika jina lake kwenye chupa yake ya maziwa. Mimi nimeandika "Chokochoko", vile ulivyokuwa ukiniita nilipofumua redio yako kutafuta watu waliomo ndani. Hakuna anayeweza kulitamka, kwa hiyo hakuna anayeiba maziwa yangu.

Nimepiga simu nyumbani mara kadhaa. Inaita mpaka inakata. Mmetoka? Au mkaza mjomba ameanza tena kuifungia kabatini kwa sababu unampigia mhariri wa gazeti kumtukana?

Sasa neno lililonikalisha kuandika. Unajua tunajenga tangi la chuma, kubwa kama jengo la ghorofa tatu, limejaa mchanga mkavu. Kiangazi, umeme wa jua unaozidi tunaupitisha humo mpaka mchanga unakuwa moto wa kuokea mikate. Majira ya baridi tunalichota lile joto na kulipeleka majumbani kwa mabomba. Juzi, tukiwa kwenye chakula cha mchana, Mkuu wetu alituuliza mmoja mmoja: wazo la kazi hii ulilipata wapi? Huyu akamtaja profesa wake, yule akataja chuo. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Redioni. Mjomba wangu alilitunga, na mkewe akalisema."

Wakacheka. Halafu wakataka kusikia. Nikawasimulia mchezo wako, *Ghala la Jua*, kuanzia mwanzo: mji uliochoka na giza, na yule mwanamke mlinda mlango anayewaita watu walete jua la mchana lihifadhiwe kama nafaka. Nikaigiza hata sauti: "Enyi mnaokaa gizani, leteni vikapu! Jua la leo halitalala bure." Kijana wetu mmoja mrefu, tunamwita Msumari, akaacha kula.

Mkuu anasema nusu ya vyombo vilivyomo katika karakana hii vilianza kama uongo wa mtu fulani kitabuni. Anataka siku ya kuwasha tangi, mwishoni mwa mwaka, watu wasikie maneno yale kwa sauti ile ile. Je, kanda zipo? Kama hazipo, mkaza mjomba hawezi kuyasema upya?

Msalimie sana. Mwambie nimejifunza kushona vifungo, hatimaye.

Mpwa wako,
Chokochoko

*

2 Machi

Mpwa wangu, Bi Chokochoko,

Marahaba. Barua yako nimeipata, nimeisoma nikiwa nimevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, kwa hiyo nimeielewa mara mbili. Sisi hatujambo. Goti linaendelea na kazi yake ya utabiri. Mtaa ni ule ule. Yule nesi wa ghorofa ya pili amehamishiwa zamu ya mchana, basi siku hizi tunasalimiana na mtu aliye macho. Simu imeharibika. Usihangaike kuipiga, andika tu. Mimi ni mtu wa karatasi.

Kanda hazipo. Redio ile walikuwa wakirekodi juu ya kilichorekodiwa. Juu ya jua langu waliweka matokeo ya mpira.

Nimecheka na pia nimeona haya kusikia wahandisi wazima wananijadili kwenye chakula. Unajua mwanzo wake? Mimi nilikuwa msahihishaji wa chapa kwenye nyumba ya vitabu, kutwa natafuta koma zilizopotea. Tulikaa chumba kimoja, umeme ukikatika kila jioni. Siku moja niliegemea ukuta uliopigwa na jua tangu asubuhi, nikaona bado una joto, mgongo wangu ukafurahi. Nikawaza: je, kama ukuta ungekuwa mnene zaidi? Je, kama ungekuwa mnene kama kilima? Hiyo tu. Sisi waongo kazi yetu ni kusema "je, kama". Ninyi kazi yenu ni kusema "kwa kiasi gani". Mhandisi mmoja aliniandikia wakati ule kwamba sijui fizikia hata ya kuchemshia chai. Alisema kweli.

Mkaza mjomba wako alikuwa mpiga chapa pale redioni. Mwigizaji wetu hakutokea, muda umefika, taa nyekundu imewaka, nikamsukumia karatasi. Mvumo wa ghala ulikuwa birika lililofunikwa blanketi. Alisema yale maneno ya vikapu, na fundi mitambo akageuka kumtazama. Tangu siku ile nikawa namwandikia yeye.

Sehemu ya mwisho sikuiandika. Meneja wa redio, maana kipindi kililipiwa na kiwanda cha sabuni, aliniita: "Mzee, sabuni inauzwa na vichekesho. Haiuzwi na jua." Wakati huo hata sikuwa mzee. Wakatukatia kipindi, mji ule ukabaki hapo hapo, ghala limejaa na mlango umefungwa.

Mkaza mjomba wako yupo. Sauti yake imechoka kidogo siku hizi, tusimsumbue.

Kula vizuri. Usitembee kichwa wazi.

Mjomba wako

*

28 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Msumari amepata mtoto wa kike, akaleta keki kazini na kuikata kwa rula. Barafu inayeyuka, viatu vyangu vinalia kila hatua kama bata.

Simu iliyoharibika inaitaje, mjomba? Nimejaribu tena. Inaita.

Haya, sitakubana. Lakini katika kifurushi hiki nimeweka kinasa sauti, kidogo, kinatosha kiganjani. Kitufe chekundu, basi. Hata kama sauti imechoka, nataka hiyo hiyo iliyochoka. Mwambie ni mimi ninayeomba. Siku zile nilizokuwa na homa, baada ya mama kufariki, alikuwa akiniigizia mlinda mlango kitandani ili nikubali kumeza dawa. Hawezi kuninyima.

Kazi inakwenda vizuri. Tangi limesimama, limepakwa rangi, watu wanakuja kupiga nalo picha.

Na ile sehemu ya mwisho: kwani ungeiandika, ingekuwaje? Lile ghala likishajaa, nini kinafuata?

Mpwa wako

*

20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu, naandika tena isije ikawa posta imenikalia. Sina habari nyingi. Huku sasa jua linakaa angani mpaka mtu anachoka nalo. Jumapili natembea peke yangu hadi kwenye tangi, naweka mkono ukutani, narudi. Watu wa huku ni wema, lakini wema wao una milango. Wanakufungulia, mnaongea, wanafunga.

Kazi imechelewa kidogo. Si neno.

Mko wazima? Andika hata mstari mmoja.

Mpwa wako

*

11 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na unisamehe kimya. Mimi mzima. Nesi wa ghorofa ya pili anakusalimu, ingawa hakujui. Ndiye aliyeniambia leo asubuhi, "Mzee, huyo mtoto wa dada yako utamficha mpaka lini?" Nimekaa kuandika kabla sijabadili nia.

Simu haijaharibika. Nimeipunguza mlio mpaka mwisho, kwa sababu ikilia mkaza mjomba wako anaogopa. Anadhani kuna mtu amefungiwa ndani yake.

Kinasa sauti kilifika. Nilimkalisha mezani, nikamtengenezea chai, nikakiwasha. Nikamwambia, "Sema yale maneno ya mlinda mlango. Mpwa wetu anayataka."

"Mpwa wetu yupi?"

Nikakutaja. Nikakueleza, redio uliyoifumua, homa, yote. Akasikiliza kwa adabu, kama mtu anayehadithiwa habari za ndugu wa jirani. Kisha akaniuliza polepole, asije akaniudhi:

"Na wewe, baba, kwenu ni wapi?"

Nilizima kinasa.

Ilianza zamani kidogo, kwa vitu vidogo. Chumvi kwenye chai. Funguo ndani ya kiatu. Tukacheka, tukasema uzee. Sasa kila jioni anapita nyumba nzima, chumba hadi chumba, akiuliza, "Nani analala hapa?" Namwambia, "Wewe." "Na huyu mwingine?" "Mimi, mumeo." Anacheka, anasema mumewe ni kijana, anafanya kazi ya kutafuta koma. Hayo hajayasahau. Aliyesahauliwa ni mimi huyu mwenye mvi.

Usije. Nakuomba. Mgeni akiingia anajikaza kutwa nzima kuwa mwenyeji mwema, akishaondoka anachoka siku nyingi. Na wewe una kazi yako. Sikukulea ili uje ukae hapa kunitazama namenya viazi.

Mjomba wako

*

5 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, mkoba mgongoni, na nilipomaliza sikukumbuka kama nilikuwa napanda au nashuka.

Nimekukasirikia. Acha niseme, halafu yaishe. Mficha maradhi unajua humfika nini, na wewe ndiye uliyenifundisha methali zote. Ulinipa salamu zake, ukaniandikia "sauti imechoka". Nami huku nikawa najigamba kwa wenzangu kwamba atasema.

Kisha nikakaa, nikajiuliza kwa nini sikupanda ndege tangu simu ya kwanza iliyokosa kupokelewa. Nikajijibu kweli: naogopa. Naogopa kuitwa mgeni na mtu aliyekuwa akinifunga kamba za viatu. Umeniambia nisije, nami nimeshukuru kimoyomoyo. Hiyo ndiyo hali yangu, nakuambia kama ilivyo.

Na kwa kuwa tumeanza kuambiana, hii hapa nyingine. Kazi haiendi vizuri. Tangi linavuja. Halivujishi mchanga, linavujisha joto. Tulilifunika kwa sufi nene ya kuzuia joto lisitoke, lakini unyevu umeingia, na tunachoweka kiangazi kitakuwa kimepungua vibaya kabla ya baridi yenyewe kuanza. Kila tukiziba upande huu, unatokea upande ule. Wenye mradi wametupa mpaka baridi ijayo. Baada ya hapo watatufunga kama meneja wako wa sabuni. Mkuu hatanii tena kwenye chakula. Ile sherehe ya kuwasha haitajwi.

Sina wa kumwambia haya. Msumari ana mtoto mchanga, anasinzia akiwa amesimama.

Mjomba, andika sehemu ya mwisho. Mimi na redio tuache kando, msomee yeye. Kama anamkumbuka kijana wa koma, basi huyo kijana amwandikie.

Mpwa wako

*

19 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeipokea hasira yako na nimeiweka mahali pazuri. Goti linauma, kwa hiyo huko mbele kuna mvua. Nesi ametuletea paka. Mkaza mjomba wako anamheshimu sana yule paka, anamwita "mwenye nyumba".

Nimeandika.

Sikudhani mkono bado unaweza. Kwanza niliandika upuuzi, roketi, vita, mfalme mwenye taa kichwani. Nikamsomea. Akapiga miayo. Hata akiwa haijui siku ya leo, huyu mwanamke anaijua hadithi mbovu. Nikachana, nikarudi kwenye mji wetu, pale tulipouacha. Ghala limejaa, jua la mwaka mzima limo ndani, watu wamesimama nje na vikapu mikononi. Nikasoma mpaka hapo nikaweka karatasi chini, kwa sababu sijawahi kujua kinachofuata. Nilimlaumu yule meneja miaka yote hiyo, lakini kusema kweli hata angenipa nafasi sikuwa na la kuandika.

Akauliza, "Hilo ghala. Nani analala hapo?"

Nikasema, "Hakuna anayelala. Ni ghala."

"Joto lote hilo?"

"Lote."

"Na hakuna anayelala." Alisikitika, mpwa wangu. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kuna nyumba nzuri imeachiwa popo. "Basi linapoa bure."

Najua aliuliza kwa sababu jioni ilikuwa imefika na huo ndio wakati wa swali lake. Sitaki kujidanganya kwamba alitunga. Lakini niliketi pale na kalamu, nikaona mji mzima unahama. Wanabomoa vibanda vyao vya pembeni, wanakuja kujenga juu ya ghala, kandokando yake, mgongo kwa ukuta. Wazee wanawekwa katikati. Kinachotoroka ghalani kinaingia chumbani kwa mtu, na kinachotoroka chumbani kwa huyu kinaingia kwa jirani yake. Mlinda mlango hana tena mlango wa kulinda. Anatandika mkeka, analala.

Nikamsomea. Akasema, "Hapo sawa." Kesho yake akawa amesahau, nikamsomea tena, akasema, "Hapo sawa." Nina msikilizaji ambaye kila siku kwake ni usiku wa kwanza wa mchezo. Wenzangu watunzi hawajawahi kupata bahati hiyo, nami naichukua hivyo hivyo, na uchungu wake.

Karatasi zimo ndani ya bahasha hii. Usinifanyie hesabu, fizikia yangu ni ile ile ya chai.

Mjomba wako

*

30 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila nina mafua, na sijalala vizuri kwa sababu ya furaha na woga vilivyochanganyika.

Nilisoma karatasi zako jikoni nikisubiri maji yachemke. Maji yakachemka, yakakauka. Siku iliyofuata tulikuwa na mkutano wa kila wiki, ule ambao siku hizi kila mtu anatazama meza. Nikasema, "Tumekuwa tukiuliza jinsi ya kulizuia joto lisitoke. Je, kama tungeuliza linapotoka linakwenda kwa nani?"

Mkuu akasema, "Hii ni ile redio tena?"

Nikasema ndiyo. Watu wakacheka, ila si vibaya. Msumari hakucheka. Alisema tangi dogo likiwekwa chini ya jengo litapoa upesi kuliko kubwa, hiyo ni sheria ya maumbile, hadithi haiwezi kuibadilisha. Nikamwambia, "Kweli. Lakini likipoa, linampasha mtu aliye juu yake. Hili letu linapasha ndege." Tukabishana mpaka chai ikaletwa na kuondolewa. Tulipopiga hesabu, ilionekana tumetumia nguvu nyingi kupigana na uvujaji kuliko ule uvujaji wenyewe. Mkuu akatoka nje, akasimama akilitazama tangi lake. Aliporudi alisema, "Tumejenga birika, tukaliweka uwanjani peke yake, sasa tunashangaa kwa nini linapoa."

Si kwamba umetuletea mchoro, mjomba. Usivimbe kichwa. Wapo waliowahi kufanya mambo ya aina hiyo, na sisi wenyewe tulipaswa kuliona. Ila tulikuwa tumeshazoea kuliona ghala kama kitu cha kufungwa. Wewe ndiye uliyetufungulia.

Tumekubaliwa kujaribu. Bweni la wafanyakazi ninamokaa lina handaki la makaa lisilotumika. Tunaliweka mchanga. Joto la kiangazi lililobaki kwenye tangi kubwa tutalihamishia humo, sakafu ya vyumba itakuwa paa la ghala.

Na hapa ndipo pagumu. Lazima mtu alisimamie baridi nzima, asome vipimo, asiondoke. Mtu huyo ni mimi, mfumo nimeuchora mimi. Lakini neno lako moja tu, nikaja. Ukisema njoo, nitawaachia.

Mpwa wako

*

12 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Kaa hapo hapo. Fanya kazi yako.

Sisi tupo. Ameanza kutoka nje bila viatu, nimefunga kengele mlangoni. Nesi anakuja kila siku. Usiniulize mengi katika barua ijayo, niambie habari za mchanga.

Mjomba wako

*

21 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimetii, sikuuliza. Nakuambia habari za mchanga.

Umeshika joto. Tumeingia kwenye baridi ya kupasua mawe, na mabomba ya bweni hayajahitaji kuni wala gesi ila siku chache mbaya. Lilipungua kuliko tulivyotaka, Msumari alisema litapungua na ana haki ya kujigamba, lakini kilichopungua kilikuwa vyumbani mwetu. Mzee mmoja wa ghorofa ya chini, mstaafu wa kiwandani ambaye sijawahi kumwona bila koti, alikutana nami ukumbini amevaa fulana. Akanitazama kama mtu aliyefumaniwa, kisha akasema, "Nimesahau jinsi mikono yangu ilivyo." Wenye mradi walikuja, wakavua glavu, wakagusa sakafu. Wamekubali majengo mengine mawili. Mkuu aliniita mbele yao akasema wazo lilitoka kwenye mchezo wa redio, na mmoja wao, mama wa makamo aliyevaa suti, akaniuliza jina la mtunzi akaliandika.

Nilidhani nitafurahi zaidi. Unajua kimetokea nini? Zamani, kulipokuwa na baridi, wote tulikuwa tunajazana kwenye jiko la kushirikiana, ndipo palipokuwa na moto. Tulikuwa tunagombania viti, tunaibiana maziwa, tunaongea. Sasa kila chumba kina joto lake na kila mtu amekaa kwake. Jiko ni tupu. Naenda kupika uji, nasikia kijiko changu tu. Hili hukuliandika katika sehemu yako ya mwisho, mjomba, nami sikulipigia hesabu.

Nani analala juu ya ghala? Mimi. Na naota nyumbani kila siku.

Nakuja Machi. Usinikataze, tiketi nimekata. Kama atanijua, sawa. Asiponijua, sawa. Woga bado ninao, ila nimechoka kuutii.

Mpwa wako

*

2 Aprili

Mpwa wangu, Chokochoko,

Natumaini umefika salama na mizigo yako haikwenda kwa wengine. Hapa hatujambo. Paka amekutafuta chini ya kitanda, akakata tamaa.

Ulipokuwa hapa hatukuongea sana, mimi na wewe. Sisi ni watu hodari mkononi, mdomoni tunakwama. Acha nikuandikie.

Ulipoingia na ule mkoba mgongoni, yeye ndiye aliyekufungulia, kabla sijafika mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima jinsi nitakavyokutambulisha. Akakutazama juu mpaka chini, akauliza, "Umekuja kutengeneza taa?" Nikafungua mdomo. Wewe ukanitangulia: "Ndiyo, mama. Ipi?" Hukusita hata kidogo. Akakushika mkono, akakupeleka chumba hadi chumba, akikuonyesha taa zote nzima, nawe ukapanda kiti na kuzifungua moja moja, ukazifuta, ukazirudisha. Baadaye ulikwenda jikoni, ukafungua bomba la maji mpaka mwisho. Nilijua bomba halikuwa na kazi. Nilisimama ukumbini, sikuingia. Nilidhani unataka kuwa peke yako. Leo najiuliza kama nilikosea.

Siku zote zile ulikuwa fundi. Ulikula mezani kwetu kama fundi, ukashukuru kama fundi. Alikuuliza kama una mama. Ukasema, "Ninaye." Sitakuongezea neno hapo.

Sasa nikwambie ambayo hukuyaona. Ulipoondoka, teksi ikapinda kona, tulirudi ndani. Jioni ikafika. Akaanza safari yake, nami nyuma yake. Chumba chetu, akauliza nani analala hapa, nikamjibu. Akafika kwenye chumba chako. Nikasubiri swali. Akasimama mlangoni, akawasha taa, akazima, akawasha.

"Huyu fundi," akasema, "ana adabu."

"Anayo."

"Amekaa sana kwa taa moja."

"Ndiyo."

"Alikuwa na huzuni yule msichana. Hukumwona? Wewe huoni kitu, unatazama karatasi tu." Akazima taa. "Mwandikie. Mwambie hata kama hakuna kilichoharibika, aje."

Nikamwambia nitakuandikia kesho asubuhi.

"Utasahau," akasema.

Basi nimeketi sasa hivi, na yeye amesimama nyuma ya kiti changu, mkono begani pangu, anahakikisha naandika.

Mjomba wako